Raleigh Twenty ya kukunja ya miaka ya 70: kuifufua nyumbani inalipa, kuikunja hapana

Nianze na jibu kabisa maana najua kuna watu wanasoma mistari mitatu wakaondoka zao. Kama unatafuta baiskeli ya kukunja ili uikunje kweli kila siku, upande nayo treni asubuhi, uisukumie chini ya meza ofisini, hii usiinunue, wiki haiishi utakuwa umeichoka. Ila kama unataka baiskeli ya zamani ya kuifungua mwenyewe nyumbani, kuitoa kutu, kuipaka grisi na kuirudisha barabarani kwa hela ya kawaida, kiukweli sijaona inayoikaribia. Nyota mbili kwa kukunja, nyota tano kwa kufufuka, na kwa kuendesha naipa nne, moja nimeikata kwa ajili ya breki wakati wa mvua, nitafika huko.

Kwa wasioijua: wengi wetu tukisikia Raleigh tunaona ile nyeusi kubwa ya babu, breki za fimbo, keria ya chuma ya kubebea gunia la mahindi. Hii ni mdogo wake. Matairi inchi 20, fremu ya bomba moja nene lililolala chini ili hata mwenye gauni apande bila kuhangaika, madigadi marefu, keria nyuma, na habu ya giya tatu ya Sturmey-Archer, yaani giya zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Ilitoka 1968. Kabla yake, 1962, kulikuwa na injinia anaitwa Alex Moulton aliyewashtua Waingereza kwa baiskeli ya matairi madogo yenye springi za mpira, Raleigh wakamjibu 1965 na kitu kinaitwa RSW 16, matairi manene ya upepo mdogo ambayo yanakula nguvu zako zote, na 1967 wakaamua kununua biashara ya Moulton yenyewe. Twenty ilikuja baada ya hayo yote, haina springi, haina mbwembwe, na ikauzika kinoma mpaka miaka ya 80. Ile ya kukunja ni hiyohiyo, ila bomba limekatwa katikati likawekewa bawaba, na hapa Uingereza utaikuta pia kwa jina la Stowaway.

Mie naishi Nottingham, ndo kwao hasa. Kiwanda kilikuwa hapahapa, sehemu kubwa ya eneo lile sa hivi ni kampasi ya chuo kikuu, Jubilee Campus, wanafunzi wanapita na skuta za umeme palipokuwa panachomelewa fremu zilizokwenda mpaka Tanga na Kisumu. Kwa hiyo hizi baiskeli huku zimejaa kwenye mabanda ya wazee. Yangu nimeinunua kwa mzee mmoja mstaafu, pauni 40, ilikuwa ya mkewe, imekaa bandani miaka na miaka imefunikwa shuka. Matairi yamepasuka, cheni imekuwa fimbo, siti imeliwa na panya. Ila nilivyoiona bawaba nikajua hii inatoka na mimi.

Maana hapo ndo pa kuanzia kabla hujatoa hata senti. Watu wanaangalia rangi na kutu ya usukani, hivyo ni vitu vya kusugua tu. Angalia bawaba. Ifungue, ikunje, piga tochi pale ilipochomelewa kwenye bomba, zungusha macho taratibu. Ukiona mstari mwembamba wa kutu umetoka kwenye uchomeleaji wakati rangi ya pembeni ni nzima, huo ni ufa, mrudishie mwenyewe mali yake umuage vizuri. Halafu ifunge, kaza kishikio cha bawaba, shika siti kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, uisokote. Ikicheza hata kidogo na kishikio kimekazwa mpaka mwisho, ujue imelika, na bawaba haina spea ya kununua dukani. Kitu cha pili ni bomba la siti: lizungushe. Likiwa limegandia ndani ya fremu kwa kutu, utateseka. Haya mabomba ni marefu, yanashuka chini sana, na kila kilichoshuka kimeota mizizi. Cha tatu zungusha gurudumu la nyuma, sikiliza tik tik tik ya habu. Ikisikika, habu hiyo ni nzima asilimia kubwa, hata kama giya hazishiki, ni waya tu.

Jambo jingine la kukusaidia hela: Raleigh walikuwa wanamiliki majina mengi, baiskeli ileile ikatoka imeandikwa Triumph, BSA, Hercules, Phillips. Muuzaji akiandika tangazo "Raleigh" anapandisha bei, akiandika "Hercules ya zamani" hakuna anayehangaika nayo. Chuma ni kilekile.

Vifaa sasa. Hapa ndo penye utamu wake na ndo maana nasema nyota tano. Baiskeli za leo za kukunja ukitaka kuzifungua kila sehemu inadai kifaa chake maalumu. Hii nimeifungua yote kwa spana za kawaida, spana malaya moja kubwa, bisibisi, nyundo, tupa, brashi ya waya na mswaki uliochoka. Ila jua tu kwamba nati nyingi ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, spana zako za milimita nyingine zitapwaya, ndo spana malaya inapookoa jahazi. Kazi nimefanyia jikoni kwa sababu nje ni baridi na banda sina, mama watoto akavumilia kwa sharti moja, magazeti yatandikwe sakafu nzima na bakuli lake la maandazi lisiguswe. Gololi zikakaa kwenye vifuniko vya chupa za maji.

Kizingiti cha kwanza na kikubwa ni kotapini. Vijana wa baiskeli za kisasa hawazijui, ni zile pini zinazopita kwenye mkono wa pedali kuubana na ekseli, upande mmoja imechongwa bapa, mwisho wake ina nati. Zikikaa miaka arobaini bila kuguswa zinakuwa kitu kimoja na chuma. Mtandaoni kila mtu ana lake, mie nikampigia video mjomba wangu Tanga, amekula ufundi baiskeli maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, hiyo nini tena, Raleigh? Na huko ulaya mnazo bado hizo?"

Nikamsogezea simu kwenye pini, akaitazama muda. "Nyundo weka chini kwanza. Nati irudishe nyuma mpaka ilingane na ncha ya pini, usiitoe yote, ukipiga pini tupu uzi unakufa na hapo ndo umeisha. Haya, chini ya mkono egemeza kipande cha bomba, pini ipate pa kutokea. Ukipiga hewani nguvu yote inakwenda kwenye gololi, unavunja vikombe vyake bure. Halafu piga moja ya kiume. Ukianza kugonga gonga kama unamwamsha mgonjwa, itapinda."

Ya kushoto ikatoka kwa pigo la kiume kama alivyosema. Ya kulia ikagoma, nikaimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi tena, nikaipasha moto kidogo na gesi ya kambi, ikasalimu amri. Pini mpya ni rahisi, pauni chache tu, ila agiza za milimita 9.5, yaani zile za inchi tatu ya nane, kuna za milimita 9 zinazotumika kwenye baiskeli za nchi nyingine za Ulaya na zinafanana kwa macho. Na mara nyingi uso wake wa bapa inabidi uupige tupa kidogo kidogo mpaka ikae sawa. Wakati wa kurudishia, pini moja nati yake itazame juu na nyingine itazame chini mikono ikiwa imelala, ukiziweka upande mmoja pedali hazitanyooka, utaendesha unachechemea.

Ndani ya ekseli ya katikati hakuna cha kutisha. Gololi za robo inchi, 11 kila upande, unatoa zote unatupa, unaweka mpya maana ni bei ya kutupa, unasafisha vikombe kwa mafuta ya taa, grisi ya kutosha, unarudisha. Kikombe cha kulia usihangaike kukitoa kama hakijaharibika, kifute humohumo. Nasisitiza vikombe na ekseli yako uvitunze, kwa sababu Raleigh walikuwa na nyuzi zao wenyewe za kukazia vikombe, 26 kwa inchi wakati dunia nzima ya Kiingereza ilitumia 24, na upana wa bomba linalobeba ekseli hiyo kwenye Twenty ni milimita 76 badala ya 68. Maana yake ile katriji ya kisasa, ekseli na beringi vikiwa kipande kimoja, unayoiona dukani haitaingia, na fundi asiyejua atakwambia anailazimisha. Mkatalie.

Usukani nao una jambo lake la ajabu. Ukifungua shingo, chini unakuta gololi kama kawaida, juu hakuna gololi kabisa, kuna bushi ya nailoni. Mwanzoni unadhani kuna mtu kaiba beringi. Hapana, ndivyo ilivyotengenezwa, na ina faida, inafanya usukani uwe mzito kidogo, na kwa matairi madogo yenye tabia ya kuyumbayumba hilo ni jambo jema. Isafishe tu ikae palepale. Kuna watu wanaibadilisha waweke beringi kamili, mie sioni sababu.

Sasa habu. Hii Sturmey-Archer AW nikiri ni mapenzi, sitaweza kuisema vibaya hata nikilipwa. Kampuni ilianza Nottingham 1902, mwaka 2000 ikanunuliwa na SunRace wa Taiwan na habu za giya tatu zinatengenezwa mpaka leo. Ukifuta uchafu kwenye ganda la habu utaona imegongwa namba za mwaka na mwezi, yangu 75 na 9, yaani hiyo habu ilitoka kiwandani Septemba 1975, ni njia nzuri ya kujua umri wa baiskeli kama gurudumu ni la asili. Ndani ni gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, giya ya pili ni moja kwa moja, ya kwanza inapunguza robo, ya tatu inaongeza theluthi. Na haihitaji kufunguliwa. Kuna kijifuniko kidogo juu ya ganda, unakifungua, unadondoshea oili nyepesi kama kijiko cha chai, unazungusha gurudumu, unailaza upande, kesho unarudia. Yangu siku ya kwanza imetema uji mweusi unanuka banda la mzee mzima, baadaye ikaanza kutoka safi na tik tik ikawa tamu. Usiweke grisi kupitia hapo na usiweke yale mafuta mepesi ya cherehani na bawaba za milango, yanakauka yanakuwa gundi.

Kuitegesha ni kitu cha dakika mbili lakini ndo wengi wanapoiona mbovu. Pale mwisho wa ekseli, upande wa kulia, kuna kicheni kidogo kinaingia ndani, na nati yake ina kidirisha. Weka giya ya pili. Chungulia kwenye kidirisha: kicheni kimeshikwa na kifimbo chembamba, na bega la hicho kifimbo linatakiwa lilingane sawasawa na ncha ya ekseli, lisitokeze nje, lisizame ndani. Zungusha kirekebishi cha waya mpaka lilingane, funga nati yake ndogo, umemaliza. Hili usilipuuze maana hizi habu kati ya giya ya pili na ya tatu kuna sehemu tupu, ukitegesha vibaya pedali zinazunguka bure ghafla, na kama ulikuwa umesimama juu ya pedali unapanda mlima, jino linabaki kwenye usukani. Kwa sababu hiyohiyo mie hata ikiwa imetegeshwa vizuri sisimami, nashuka giya tu.

Na kuhusu milima, giya walizoweka kiwandani ni ngumu kwa mtu wa kawaida. Mimi kwenda Mapperley kule juu kwa giya ya kwanza ya asili ilikuwa mateso. Dawa ni rahisi, sproketi ya nyuma inashikiliwa na ringi ya waya tu, unaichokoa na bisibisi, unatoa ndogo unaweka yenye meno zaidi, ongeza na pingili kama cheni imekuwa fupi. Cheni yenyewe ni ile pana ya giya moja, ya inchi moja ya nane, ndo rahisi kuliko zote.

Kutu. Kwenye kromu usianze na msasa, utaikwangua yote. Chukua foili ya jikoni, ikunjekunje, ichovye kwenye siki, sugua, kutu inatoka yenyewe na kromu inabaki, malizia na Brasso kidogo. Usukani wangu ulikuwa wa kahawia, sa hivi unajiona sura. Zile sehemu ndogondogo zilizoliwa sana kuna watu wanaloweka kwenye asidi ya oksaliki, inafanya kazi kweli, ila ni sumu, glavu mikononi, nje ya nyumba, na watoto wasikaribie, kwangu mimi jikoni nimeona hapana. Rangi sijapaka upya na nakushauri usikimbilie. Rangi ya Raleigh ya enzi zile ni ngumu, chini ya uchafu kuna rangi nzuri imelala, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa, halafu polishi ya gari. Stika zipitie kwa upole au usizipitie kabisa, zikitoka hazirudi. Nimeona mtandaoni watu wamezikwangua mpaka chuma wakapiga spreya ya kopo, zinang'aa wiki mbili tatu halafu zinaanza kumenyeka kwenye bawaba maana pale panasuguana.

Matairi ndo panapochanganya watu kuliko pote, nisikilizeni vizuri. Kuna inchi 20 na inchi 20. Twenty ya Uingereza inatumia 20 x 1 3/8, namba yake ya uhakika ni 451, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. Tairi za BMX, hata zile za baiskeli za watoto zilizojaa Kariakoo, ni 406. Zote zimeandikwa 20, na haziingiliani hata kwa kubembeleza, tofauti ya kipenyo ni milimita 45. Soma ubavuni mwa tairi la zamani ndo uagize. Mie nilivyoenda kuuliza duka moja la jirani kijana akanitolea 406 akaniambia "inchi 20 ni inchi 20", nikamshukuru nikaagiza mtandaoni. Za 451 zipo, Kenda wanazitengeneza na wengine, ila uchaguzi ni mdogo. Ndo maana wapo wanaobadilisha rimu kabisa waweke 406 za alumini, unapata tairi nzuri za kila aina, lakini breki zako sasa hazifiki kwenye rimu, zinatakiwa zishuke milimita 22 na nusu zaidi, inabidi utafute breki za mikono mirefu. Ni mradi ndani ya mradi, na hela inaanza kuondoka.

Na breki ndo ile nyota niliyoikata. Rimu za asili ni chuma chenye kromu, na hilo si la baiskeli hii tu, ni la enzi nzima, rimu ya chuma ikilowa raba inateleza juu yake, unabana na baiskeli inaendelea na safari zake. Kwa nchi ya mvua kama hii nashangaa waliishije. Nimeweka raba mpya za Kool-Stop zile za rangi ya samaki wa samoni, waya mpya na makava mapya, kwenye ukavu inasimama vizuri kabisa, kwenye mvua ni afadhali kuliko ilivyokuwa lakini bado unatakiwa uanze kubana mapema, uifute rimu kwanza ndo ishike. Ukiwa mtu wa kuendesha kila siku mvua jua, rimu za alumini hazina mjadala.

Haya, kukunja kwenyewe. Unalegeza kishikio cha bawaba, unaikunja fremu mara mbili, unalegeza usukani unaushusha, siti unaizamisha. Kwa maneno inasikika safi. Kwa vitendo, ikishakunjwa hakuna kitu kinachoishikilia ikae imekunjwa, ukiinua inajifungua, gurudumu la mbele linageuka linakupiga muundi, pedali zimetokeza pande zote maana zenyewe hazikunjwi. Na uzito wake ni kilo kama 17, jaribu kupanda nayo ngazi za stesheni ya Nottingham mkono mmoja na begi mkono mwingine. Mie naifunga na ule mpira wa kufungia mizigo ndo inatulia. Kwenye treni ya London faida ya kukunja ni kwamba ya kukunja haidai nafasi ya kubuku kama baiskeli nzima, ila mzigo huu ukiuweka kwenye sehemu ya mabegi abiria wenzako wanakutazama kwa jicho lile. Ukitaka ya treni tafuta Brompton, muundo wa Andrew Ritchie wa miaka hiyohiyo ya 70, matairi ya inchi 16, gurudumu la nyuma linaingia chini ya fremu na kila kitu kinafungana. Lakini andaa hela, hata kuukuu yake bei haishuki.

Panapofaa kukunja kwa hii ni kwenye buti ya gari na kwenye kabati la chini ya ngazi. Kwa sisi wa nyumba ndogo hiyo siyo faida ndogo. Basi, ichukulie ni baiskeli inayohifadhika, siyo baiskeli inayobebeka.

Barabarani ni raha isiyoelezeka kirahisi. Unakaa wima, unaona mbele, haina haraka na haikudai haraka. Njia ya pembeni ya mfereji kwenda Beeston naiendea kwa giya ya tatu ninaimba, sokoni naweka kapu la mbele na mifuko kwenye keria, kilo kumi za mchele haizioni. Fremu ina kanyumbufu kidogo pale kwenye bawaba ukisukuma kwa nguvu, unakasikia kwenye mikono, siyo kitu cha kutisha kama bawaba ni nzima, ila kagua ukazaji wa kishikio kila unapotoka. Iwe tabia, kama unavyokagua upepo. Wazee wa hapa wananisimamisha kwenye taa, "oh my mum had one of those", yaani mama yake naye alikuwa nayo, nimeshazoea, nina jibu langu.

Gharama kwa ujumla, baiskeli 40, tairi na tyubu kama 35, waya na makava 10, raba za breki 12 hivi, kotapini, gololi, cheni, grisi na oili tuseme 20, na siti ya mtumba 10. Haijafika pauni 130. Duka la ufundi nililouliza bei ya kazi peke yake, bila spea, lilinitajia zaidi ya hapo, na kwa kotapini wakasema hawagusi.

Kwa wa nyumbani mnaopata za kukunja za mtumba wa Japani, nyingi ni za giya sita za nje siyo habu, kwa hiyo hayo ya Sturmey hayawahusu, ila ya bawaba, ya bomba la siti na ya kusoma ubavu wa tairi yanawahusu vilevile. Zingine fremu ni alumini, hizo ukiona ufa usimpe mchomeleaji wa chuma wa mtaani, mkatae muuzaji tu.

Na kama uko huku Uingereza na umependa hii habari, tafuta kwanza Twenty ile isiyokunja. Zipo nyingi zaidi, ni nyepesi kidogo, fremu imenyooka haina kanyumbufu, spea zote ni zilezile, na mara nyingi zinauzwa bei ya chini kuliko za kukunja kwa sababu watu wanalipia bawaba ambayo hawataitumia. Ya kukunja ichukue kama nafasi ya kuiweka ndo tatizo lako, na juu ya pauni 80 kwa iliyolala bandani usipande, labda uikute ishapigwa rimu za alumini.